Kisa: mwalimu anayeprinti kwa misimu, na ofa ya printa ya bei chee

Kisa chenyewe ni hiki. Dada yangu ni mwalimu, anafundisha masomo ya ziada nyumbani, mumewe shughuli zake ni za mikataba na risiti, wana mtoto mmoja yuko shule, na hawajawahi kumiliki printa, kila karatasi walikuwa wanatoka kwenda kuitolea nje. Sasa wakaamua imetosha wanunue yao. Shemeji akakutana na ofa, akanipigia picha ya boksi na chini kaandika "shem hii inaprinti, inaskani, inatoa kopi, bei iko chini balaa, nichukue?"

Ilikuwa ile mashine ndogo nyeupe ya wino, ya katriji mbili, moja nyeusi na moja ya rangi. Zipo nyingi sana za namna hiyo, kila kampuni inayo yake, na ndo printa ambayo mtu wa kwanza kununua printa huangukia, maana kwenye rafu ndo yenye bei ndogo kuliko zote.

Nikamwambia shem usichukue kwanza, nipe siku mbili tatu. Sikuwa na shida na mashine yenyewe, ila nilikuwa sijui wanaprinti nini na wanaprinti lini, na bila hivo vitu huwezi kumshauri mtu chochote, utakuwa unamsomea tu maandishi ya kwenye boksi. Nikamuomba dada apekue mafaili aliyokuwa anatuma kuprinti, bahati nzuri yote yana tarehe, kwahiyo picha ilitoka yenyewe bila kukisia. Kipindi cha masomo anaprinti kurasa kama 150 mpaka 200 kwa mwezi, zote maandishi meusi na michoro ya hesabu, na hazitoki kidogo kidogo kila siku, zinatoka kwa mkupuo, leo 40 halafu kimya siku nne. Shule zikifungwa hamna hata ukurasa mmoja. Likizo ndefu mashine ingekaa kama mwezi na nusu haijaguswa. Kurasa za rangi ni za mtoto, kazi za shule, na ukizihesabu kwa mwezi hazimalizi vidole vya mikono miwili.

Skani sasa, hapo ndo nilishangaa kidogo. Shemeji anaskani kuliko mke wake anavyoprinti, ila ni karatasi moja moja, risiti, barua iliyosainiwa, mara mojamoja mkataba wa kurasa 20. Kuna vyeti ambavyo familia inataka nakala safi ya kuhifadhi. Na kuna albamu ya picha za zamani za wazazi wa shemeji, ambazo amekuwa akisema ataziingiza kwenye kompyuta tangu enzi hizo.

Kwenye hayo yote mimi kilichonivuta ni ile mwezi na nusu ya kimya. Watu wakichagua printa wanaangalia bei ya mashine, kasi ya kurasa kwa dakika, na ina waifai au haina. Kasi kwa mtu anayetoa kurasa 40 haina maana yoyote, dakika mbili au dakika tano yeye yuko jikoni. Muda ambao mashine inakaa haifanyi kitu ndo unaoamua itakuwa na hali gani baada ya mwaka, na huo hauandikwi kwenye boksi lolote.

Tuanze na ile ya ofa. Printa ya wino inapuliza matone madogo sana kupitia vitundu ambavyo kwa macho huvioni. Canon na HP wanatumia joto, wino unachemshwa kwa ghafla unatengeneza kiputo, kiputo kinasukuma tone nje. Epson na Brother wanatumia kikristali kinachojikunja ukikipitishia umeme, nacho kinasukuma tone. Njia zote mbili zina adui mmoja, hewa. Wino ni maji na rangi na vikorombwezo vingine, ukiuacha kwenye mdomo wa kitundu wiki kadhaa maji yanaondoka rangi inabaki imeganda. Ukirudi unaprinti unapata maandishi yenye mistari myeupe katikati, unaambiwa safisha hedi, yaani kile kipande chenye vitundu, na kusafisha maana yake mashine inavuta wino kwa nguvu kupitia vile vitundu na kuumwaga. Huo wino umeulipia. Haukugusa karatasi.

Kwa haki ya ile mashine, katriji zake ni zile ambazo hedi iko kwenye katriji yenyewe, kwahiyo hata ikiganda kabisa ukibadilisha katriji umepata hedi mpya. Hiyo ni faida kweli. Tatizo ni kwamba katriji zenyewe zinaisha haraka mno. Chukua mfano wa HP 305 ambayo inatumika kwenye mashine nyingi za daraja hilo, kampuni yenyewe inasema nyeusi ya kawaida inatoa kurasa kama 120 na ya rangi kama 100, ile kubwa ya XL nyeusi ni 240. Hizo namba hazipikwi hovyo, kuna kipimo cha kimataifa kinaitwa ISO/IEC 24711, wanaprinti kurasa maalum zilezile mfululizo mpaka wino uishe. Neno la kushika hapo ni mfululizo. Dada haprinti mfululizo, kila akiwasha mashine baada ya siku kadhaa inajisafisha kidogo, kwahiyo kwake 120 isingefika 120. Kwa mwezi wa kurasa 180 angekuwa anakula katriji nyeusi karibu mbili za kawaida. Nenda kaangalie bei ya katriji mbili ufananishe na bei ya mashine yenyewe ndo utaelewa kwanini mashine iko ofa. Mwenye kampuni hajalala, anakuuzia mashine kwa hasara au karibu na hasara anajua utarudi.

Na kuna hili la kufungwa. Mashine nyingi za sasa zinasoma chipu ya kwenye katriji na zinaweza kukataa katriji isiyo ya kampuni, na zuio linaweza kuja hata baada ya kununua kupitia apudeti ya programu ya ndani ya mashine. Mwaka 2016 watumiaji wengi wa HP waliamka asubuhi katriji walizokuwa wanatumia jana hazikubaliki tena, ikafika mpaka mahakamani. Zipo pia mashine zinazouzwa kwa mpango wa HP+ ambapo unapata marupurupu fulani ila unakubali kutumia wino wa kampuni tu na mashine iwe na intaneti muda wote. Kwa mtu mwingine sio shida. Mimi tu roho inakataa printa ya mezani iombe ruhusa mtandaoni kabla ya kutoa karatasi ya hesabu za darasa la tano.

Basi nikamwambia shemeji ile hapana. Akasema sawa, "basi shem tuchukue ya matangi, jirani anayo anaisifia."

Hii ya matangi niliifikiria kwa muda kweli, maana kwa bei ya kila ukurasa haina mpinzani. Unamimina wino wa chupa kwenye tangi, basi. Chupa nyeusi ya Epson 003 inatajwa kutoa kurasa 4,500, chupa za rangi tatu zikichangia 7,500, na Canon G za chupa za GI-790 nyeusi ni 6,000. Ukilinganisha na 120 unaona ni dunia mbili. Kwa kasi ya dada chupa moja nyeusi ingekaa miaka miwili au zaidi.

Lakini rudi kwenye kimya. Kwenye printa za matangi hedi sio kitu unachotupa na katriji, imekaa ndani ya mashine, na ikiziba kwelikweli kuibadilisha kunaweza kukaribia gharama ya kutafuta mashine nyingine. Inataka utoe ukurasa wenye rangi zote kila baada ya wiki au mbili hivi ili wino usigande. Nilimuuliza dada kwenye likizo utakumbuka? Akacheka. Kicheko kile nilikihesabu kama jibu.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa, ule wino unaomwagwa wakati wa kusafisha unaenda wapi? Unaenda kwenye sponji iliyo chini ya mashine. Mashine inahesabu imemwaga kiasi gani, na hesabu ikifika kikomo inagoma kuprinti inasema sponji imejaa. Baadhi ya modeli sponji iko kwenye kiboksi cha kuchomoa ukabadilisha mwenyewe kwa dakika moja, nyingine imefichwa ndani inabidi fundi aifungue na kuirudisha hesabu. Kwa anayenunua ya matangi hili ndo swali la kwanza kuuliza, kabla hata ya waifai. Na kadri unavyokaa bila kuprinti ndivyo unavyosafisha zaidi, na ndivyo sponji inavyojaa kwa wino ambao haukukusaidia kitu.

Kwahiyo jirani ana haki ya kuisifia, jirani anaprinti kila siku na anaprinti rangi. Nyumba tofauti.

Ikabaki leza nyeusi, yaani printa ya leza inayotoa nyeusi tu. Leza haina wino, ina tona ambayo ni unga wa plastiki laini sana wenye rangi. Ndani kuna dramu inayochajiwa umeme, mwanga unachora ukurasa juu ya dramu, unga unang'ang'ania pale palipochorwa, unahamia kwenye karatasi, halafu karatasi inapita katikati ya rola za moto, joto lake ni kama nyuzi 200 hivi, unga unayeyuka na kushikamana. Ndo maana karatasi ya leza inatoka ya moto. Unga haukauki kwa sababu ni mkavu tangu kiwandani, uache miezi mitatu, ukiwasha ukurasa wa kwanza unatoka sawa na wa mwisho ulioprinti. Kwa nyumba yenye likizo hiyo peke yake ilikuwa imeshamaliza mjadala kwangu. Na nyongeza nyingine, mwanafunzi akimwagia maji karatasi ya leza maandishi hayatoki, wakati wino wa dai, yaani wa rangi iliyoyeyushwa, ukidondokewa na tone moja herufi zinageuka wingu la buluu. Kuna wino wa pigmenti, wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, unaovumilia maji, ila lazima uangalie modeli, wengine nyeusi yao ni pigmenti wengine ni dai.

Leza ina mabaya yake na nilimwambia yote. Haitoi rangi. Ni nzito. Ikiwaka inavuta umeme mwingi kwa mpigo ule wakati rola zinapashwa, kwahiyo usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta, kile kiboksi cha betri cha umeme ukikatika, itaizidi. Katriji ya tona ukiinunua inauma, kwa sababu unalipa kwa mara moja, ila HP 85A kwa mfano ni kurasa 1,600, Brother TN-2420 ni 3,000, kwa kipimo cha ISO/IEC 19752 ambacho ndo cha tona nyeusi. Ukinunua mpya uliza katriji inayokuja nayo ni ya kurasa ngapi, mara nyingi ni ya kuanzia tu, imejazwa nusu au chini ya hapo. Na uliza dramu. Baadhi dramu iko humohumo kwenye katriji ya tona, ukibadilisha tona umebadilisha vyote. Brother wanatenganisha, dramu ya DR-2400 inatajwa kwenda kurasa 12,000, tona unabadilisha mara kadhaa ndo dramu ifuate. Yoyote kati ya hizo sawa, muhimu usije ukashtuka siku mashine inadai dramu na wewe ulikuwa unajua kuna tona tu.

Leza ya rangi sikuigusa sana. Tona nne badala ya moja, mwili mkubwa, yote hiyo kwa ajili ya kurasa nane za mtoto kwa mwezi? Hapana.

Sasa skani. Mpaka hapa shemeji alikuwa anafikiria leza yenye skana juu yake, mashine moja ya yote, na ndo fikra ya kila mtu. Mimi nikawaambia hizi ni kazi mbili zenye maisha mawili tofauti, hazina sababu ya kukaa boksi moja isipokuwa nafasi mezani. Printa ni mashine inayochoka, ina rola, ina joto, ina vitu vinavyoisha. Skana ya bapa haina cha kuisha, ni kioo, taa na sensa inayotembea, ukiitunza itazika printa tatu. Ukizifunga pamoja siku upande wa printa ukifa unatupa na skana nzima. Na kuna mashine za wino zinazokataa hata kuskani eti wino umeisha, kitu ambacho hakihusiani kabisa na kuskani. Mwaka 2021 Canon walishtakiwa Marekani kwa jambo hilohilo. Fikiria shemeji ana mkataba wa kutuma saa hiyo, mashine inamwambia kanunue wino wa njano kwanza.

Ukiangalia mikataba yake ya kurasa 20 utasema basi anahitaji ile trei ya juu inayovuta karatasi yenyewe. Tuliijadili. Kwenye mashine za bei ya chini trei hiyo mara nyingi inasoma upande mmoja tu, na vumbi kidogo likikaa kwenye kile kijioo chembamba unapata mstari mrefu kutoka juu mpaka chini kwenye kila ukurasa, wakati kwenye kioo cha bapa vumbi hilohilo lingekuwa kidoa kimoja. Mkataba wa kurasa 20 unakuja mara mojamoja. Karatasi 20 kuzigeuza kwa mkono ni kero, sawa, ila haifiki kuwa sababu ya kubadilisha mpango mzima.

Simu je? Simu inatosha kwa mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Google Drive kwenye Android inaskani, iPhone inaskani ndani ya Notes tangu 2017, inanyoosha pembe, inaondoa kivuli, inatoa PDF. Risiti zote za shemeji nikamwambia ni simu, usisumbuke kuwasha kitu. Barua ya kawaida pia simu. Vyeti hapana, kwa sababu simu inapinda ukurasa kidogo hata ukiwa mwangalifu, mwanga haulingani, muhuri wa rangi unabadilika. Na picha za albamu hapana kabisa, karatasi yake inang'aa, utapiga picha ya taa ya sebuleni.

Hivyo skana ya bapa. Hapa kuna aina mbili za sensa na tofauti yake inaonekana kwa macho. CIS ndo iliyo kwenye skana nyembamba kama Canon LiDE, inakula umeme kidogo mpaka inatosheka na waya wa USB tu bila adapta. CCD ina kioo na lenzi ndani, ni nene, na inaona kina. Weka kitabu kinene juu ya CIS uangalie katikati pale kurasa zinapokutana, maandishi yanafifia na kuwa ukungu, kwa sababu karatasi imenyanyuka milimita chache tu kutoka kwenye kioo na CIS haivumilii hata hizo. CCD ingesoma bado. Hawa watu hawaskani vitabu, wanaskani karatasi na picha zilizolala bapa, CIS inawatosha na zaidi. Picha zilizojikunja unazikandamiza na kitu kizito juu ya mfuniko, basi.

Shemeji alikuwa ameipenda moja kwa sababu boksi limeandikwa 4800 dpi, yaani nukta kwa kila inchi, na nyingine 2400. Tukapiga hesabu pamoja. Karatasi ya A4 kwa 300 dpi ni pikseli 2480 kwa 3508, kwa rangi kamili bila kubanwa ni kama megabaiti 26, ikibanwa kwenye PDF inashuka mpaka megabaiti moja au mbili. Hiyo inasomeka vizuri sana na inaprintika tena bila kujua kuwa ni nakala. Ukipandisha mpaka 4800 kila upande unazidishwa mara 16, ukurasa mmoja unakuwa pikseli bilioni 2.2, gigabaiti 6 na ushee kabla ya kubanwa. Ukurasa mmoja wa mkataba! Laptopu yao ingelia. Kwa picha za albamu za saizi ya sentimita 10 kwa 15 nikamwambia 600 dpi, inatoka kama megapikseli 8, na zaidi ya hapo unaskani chembechembe za karatasi yenyewe, picha haina kitu kingine cha kukupa. Kwahiyo 2400 ya boksi ilikuwa inazidi mahitaji yao mara nne tayari.

Uamuzi ukawa leza nyeusi ya kuprinti tu, skana bapa ya USB pembeni, simu kwa risiti, na kurasa za rangi za mtoto ziendelee kutolewa nje kama zamani. Mtoto hakufurahi. Shemeji naye alibaki na kinyongo kidogo, nafikiri alitaka kitu kimoja kizuri cha kuonyesha mezani.

Vitu viwili tofauti vingevuka bajeti kama vyote ni vipya, kwahiyo leza tukatafuta iliyotumika, ya ofisini, na skana tukachukua mpya. Leza za ofisini zimejengwa kwa kurasa nyingi kuliko nyumba itakazowahi kutoa, ila lazima uikague. Kitu cha kwanza unaiambia iprinti ukurasa wake wa taarifa, karibu zote zinao, unaonyesha imeshatoa kurasa ngapi tangu izaliwe. Muuzaji anaweza kusema "imetumika kidogo tu boss," mashine yenyewe inasema 61,000. Ya kwanza tuliyoiona ilikuwa hivohivo tukaiacha. Ya pili ilikuwa chini ya 20,000, tukatoa kurasa kumi mfululizo. Zote zilikuwa na kidoa cheusi, kidogo kama kichwa cha pini, na kwenye kila ukurasa kidoa kinajirudia kwa umbali uleule, sentimita saba na nusu hivi. Doa linalojirudia kwa vipimo namna hiyo ni kitu cha mviringo ndani kina jeraha, na umbali ule ni mzunguko wa dramu. Kwenye modeli ile dramu iko ndani ya katriji ya tona, kwahiyo sio mashine inayoumwa, ni katriji. Muuzaji akaweka katriji nyingine, doa likapotea. Kama lingekuwa la rola za moto tungeondoka.

Kingine tulichokagua ni kama inavuta karatasi moja moja au mbili mbili, maana kile kirola cha mpira kinachovuta kikizeeka kinateleza, ingawa ni kitu cha kubadilisha kirahisi. Na tukahakikisha tona ya modeli ile bado inatengenezwa. Usinunue printa iliyotumika kabla hujajua tona yake inapatikana.

Kitu kimoja nilichong'ang'ania wasikikose ni kuprinti pande mbili yenyewe. Kwa mwalimu hiyo inapunguza karatasi nusu, na ile ya kugeuza kwa mkono ndo inayoleta karatasi kukwama na kurasa kutoka kichwa chini. Niko tayari mtu akose waifai kuliko akose hiyo.

Na kweli mashine haikuwa na waifai, ilikuwa na tundu la waya wa mtandao. Tukaiweka jirani na ruta, waya mfupi, laptopu na simu zote zikaiona. Kwa kweli ni afadhali, printa nyingi za bei nafuu zenye waifai zinashika masafa ya 2.4 GHz peke yake, hazioni yale ya 5 GHz ya ruta, na siku ya kuunganisha watu wanatukana hadi ruta. Tulihakikisha pia inaongea AirPrint, njia ya Apple ya kuprinti moja kwa moja kupitia mtandao, ambayo ipo tangu 2010, kwa sababu mashine inayoongea lugha ya pamoja kama hiyo haikutegemeshi draiva ya kampuni, ile programu ya kompyuta ya kuendeshea printa. Hili lina uzito sasa hivi, Microsoft walitangaza 2023 kwamba wataacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za kampuni za printa kupitia apudeti za Windows. Printa ya zamani inayotaka draiva yake tu isiyo na mbadala inaweza kukuachia chuma mezani siku ukibadilisha kompyuta.

Likizo ndefu ilikuja ikapita. Dada akawasha mashine wiki ya kufungua shule, akatoa mazoezi ya darasa zima, safi. Hapo katikati ilishamwandikia tona inakaribia kuisha, akataka kununua nyingine siku hiyohiyo, nikamwambia puuza kwanza. Ujumbe huo unakuja mapema, chomoa katriji, itikise taratibu kulia kushoto unga ujisambaze, endelea mpaka uone kwa macho maandishi yanafifia. Alienda nayo wiki nyingi baada ya hapo. Unga ukimwagika futa kwa kitambaa chenye maji baridi, maji ya moto yanauyeyusha na kuugandisha hapohapo.

Skana imefanya kazi yake kwenye vyeti, imekaa wima pembeni ya kabati, inatolewa ikihitajika. Albamu imefika karibu nusu. Shemeji aligundua picha zinataka kufutwa vumbi kwanza na kioo pia, maana 600 dpi inaona kila unywele, na hilo lilimpunguza kasi.

Mpango huu ni wao, sio wa kila mtu. Kama kurasa za mtoto zingekuwa 60 kwa mwezi badala ya nane, ningewapeleka kwenye ya matangi yenye sponji ya kuchomoa bila kusita, na ningewaambia waweke kikumbusho kwenye simu cha kutoa ukurasa wa rangi kipindi cha likizo. Na kama dada asingekuwa mwalimu, yaani nyumba inaprinti kurasa tano kwa mwezi, ningewaambia wanunue skana peke yake, kuprinti waendelee kwenda nje. Shemeji bado anaulizia rangi. Nimemwambia aendelee kuandika kurasa za mtoto kila mwezi tuone zinafika ngapi, zikipanda tutaongeza mashine ya pili ya rangi, skana haiguswi na leza haiguswi.